Kocha au Wachezaji: Lawama za Raga Tuziweke Wapi?

Wazee wangu, akina mama, na vijana wa klabu zetu za hapa Mombasa, asanteni kwa kuitikia mwaliko. Kila Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya raga ya wachezaji saba, wanapofungwa, mazungumzo ya barazani huishia kwenye swali moja: afukuzwe kocha, au watemwe wachezaji? Nitalipima swali hilo kwa historia ya timu yenyewe.

Aprili 2016, chini ya kocha Benjamin Ayimba, ambaye sasa ni marehemu, na nahodha Andrew Amonde, Kenya iliilaza Fiji 30-7 katika fainali ya duru ya Singapore ya Msururu wa Dunia. Agosti mwaka huohuo, kocha akiwa yuleyule na wengi wa wachezaji wakiwa walewale, timu ilimaliza ya 11 katika Olimpiki ya Rio. Anayedai kwamba kocha alikuwa hodari Aprili na hafai Agosti, au kwamba wachezaji walisahau raga katika muda huo, ana kazi ya kutueleza.

Raga ya wachezaji saba humpa kocha nafasi ndogo mno mpira ukishaanza. Kipindi ni dakika 7, mapumziko hayazidi dakika 2, na hakuna ruhusa ya kusimamisha mchezo ili kupeana maagizo. Nahodha ndiye anayeamua penalti ichezwe vipi, na mchezaji anayemkaba mpinzani shingoni akaonyeshwa kadi ya njano huwaacha wenzake sita wakihangaika kwa dakika 2. Kosa la namna hiyo likitokea mara moja, ni la aliyelifanya. Likijirudia mashindano baada ya mashindano, kwa wachezaji tofauti, au timu ikiishiwa pumzi kila inapokaribia kipenga cha mwisho, mimi namwendea kocha bila kusita, kwa kuwa mazoezi, uteuzi wa kikosi na wakati wa kuingiza wachezaji wa akiba vimo mikononi mwake.

Na yanayojirudia hata makocha wakibadilishwa? Baada ya Ayimba walikuja Innocent Simiyu, Paul Murunga, Paul Feeney, Simiyu tena, kisha Damian McGrath, na Mei 2023 Kenya ikafungwa 12-7 na Kanada jijini London, ikashushwa daraja kutoka Msururu huo wa Dunia. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwaka 2018 Simiyu aliifikisha timu katika fainali mbili, Vancouver na Hong Kong. Miezi michache baadaye, jijini Paris, wachezaji walifunika jina la mdhamini kwenye jezi kwa kulalamikia malipo, na kabla ya mwaka kwisha Simiyu hakuwa tena kocha. Msimu ule (na huu ndio unaoniuma zaidi) haukuharibiwa na ufundi wala miguu, bali na walioshika mikataba na mfuko.

Kwa hiyo viongozi wa klabu za pwani wanaotakiwa kumwondoa kocha wakae kwanza na picha za mechi za msimu mzima, waandike kila trai (alama za kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli) waliyofungwa ilianzia wapi na nani alikuwa uwanjani. Wakikuta pengo ni lilelile, wamwite kocha. Wakikuta kwamba mazoezi yalihudhuriwa na watu wachache kwa sababu vijana wa Likoni na Kisauni hawakuwa na nauli, waitane wao wenyewe.