Mwalimu wa Biggar na siku 23 za mgomo wa madaktari

Ndugu zangu, bima ya afya ya Kanada ikitajwa, jina linalokuja kwanza ni Tommy Douglas, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo la Saskatchewan. Anastahili. Ila jioni hii nataka tumtazame aliyeachiwa mzigo Douglas alipoondoka: Woodrow Lloyd, mtoto wa wakulima wa Webb, kusini-magharibi mwa jimbo hilo. Alifundisha shule za vijijini, akawa rais wa chama cha walimu wa jimbo, na mwaka 1944, akiwa na miaka 30, watu wa Biggar wakamchagua kuwa mbunge wao katika bunge la jimbo. Mara akapewa Wizara ya Elimu.

Hapo ndipo alipokomazwa. Saskatchewan ilikuwa na wilaya za shule takriban 5,000, nyingi zikiwa na shule ya chumba kimoja: mwalimu mmoja, madarasa yote pamoja, jiko la kupasha joto humo humo. Wilaya maskini zikashindwa kumlipa mwalimu, jirani zao zikaweza. Lloyd akaziunganisha chini ya bodi kubwa. Wazazi walikasirika, na walikuwa na sababu, kwani shule ile ndiyo ilikuwa ukumbi wa mikutano, wa dansi, hata wa kupigia kura. Akawasikiliza, na kazi ikaendelea. Kwa maoni yangu, bila miaka ile ya wizarani asingeihimili 1962.

Novemba 1961 Douglas alikwenda kuongoza chama kipya cha NDP (New Democratic Party), Lloyd akawa waziri mkuu wa jimbo. Sheria ya bima ya matibabu ilipitishwa mwezi huo huo. Ilipoanza kutumika, tarehe 1 Julai 1962, madaktari wengi walioipinga walifunga zahanati zao, wakabakiza huduma ya dharura katika baadhi ya hospitali. Hebu fikirieni mama wa shambani mwenye mtoto mgonjwa wiki hiyo! Serikali ikaleta madaktari kutoka Uingereza. Wapinzani waliandaa maandamano makubwa Regina, mji mkuu wa jimbo, tarehe 11 Julai, lakini waliojitokeza wakawa wachache mno kuliko walivyotarajia.

Lloyd hakuwa msemaji wa kusisimua umati kama Douglas. Alikuwa mpole, na upole huo ulimfaa mezani. Daktari Mwingereza, Lord Taylor, alisuluhisha, na mkataba ukatiwa saini Saskatoon tarehe 23 Julai. Madaktari walibaki na zahanati zao binafsi wakilipwa kwa kila huduma. Bima ikabaki ya wote. Lloyd alikubali kulegeza namna ya kulipa. Haki ya mgonjwa hakuigusa, na mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Mwaka 1964 alishindwa uchaguzi na Ross Thatcher wa chama cha Liberali. Thatcher hakuifuta bima, ila mwaka 1968 aliwatoza wagonjwa ada. Ada hizo ziliondolewa mwaka 1971, NDP iliporudi madarakani, Lloyd akiwa ameshauacha uongozi wa chama.