Malaika Hakumhubiria Eliya

Bwana asifiwe, wachungaji. Takwimu za afya ya akili ya vijana mmepewa asubuhi, sitazirudia. Mimi nakwenda kwa nabii Eliya, na ninyi mlionisikia nikimzungumzia miaka iliyopita mnivumilie. Nitaacha siku mtakayobadilika.

Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Mtu ametoka kuona moto wa Mungu ukishuka mlima Karmeli. Malkia Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu wa kutishia kumuua, naye Eliya anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani peke yake. Anaketi chini ya mti wa mretemu, anamwambia Mungu imetosha, aiondoe roho yake. Nabii huyo!

Sasa kijana wa kidato cha nne akija ofisini kwako akasema imetosha, utamjibu nini? Ninajua. Utamuuliza ameficha dhambi gani. Kisha utampangia siku tatu za kufunga na kesha la Ijumaa, na mtoto mwenyewe hali wala halali wiki nzima!

Malaika hakumhoji Eliya. Alimgusa, akamwambia ainuke ale. Mkate wa makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena, na hakuna aliyemwita mvivu. Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia ale kwa maana safari imemzidi. Habari za kazi yake zilingoja mlima Horebu, siku 40 mbele. Na hata huko Mungu alianza kwa kumuuliza, akamwacha amwage yaliyo moyoni, akamuuliza tena, Eliya akarudia maneno yaleyale. Mungu alisikiliza mara mbili. Sisi kijana akirudia jambo tunaanza kutazama saa, na wengine wenu mnajibu simu.

Kuna mzee hapo nyuma anatikisa kichwa: huyu anataka kutuondolea maombi. La, mzee wangu. Omba. Ila ukisema amina, usimwache hapo mlangoni. Mpeleke kliniki, ukae naye kwenye foleni. "Na kama ni pepo?" Sijasema hakuna mapepo. Nimesema chuo cha Biblia hakikukufundisha kutambua skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili. Na akirudi na dawa, usithubutu kumwambia azitupe ili aonyeshe imani. Humu ndani kuna watumishi wenye vidonge vya presha mfukoni, na hakuna aliyewahi kuvitupa madhabahuni. Hamcheki sasa?

Jambo la pili, haraka. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, wa kufungwa hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kinakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama imetutangulia kwenye huruma, sisi wenye Injili! Bado wapo miongoni mwetu wanaokataa kuongoza mazishi ya kijana wa namna hiyo, au wanaokubali halafu wanatumia kaburi kuwatisha wenzake, na mama yake ameketi hapo mbele anasikia. Shirika la Afya Duniani linasema kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya walio kati ya miaka 15 na 29. Hao ndio wanakwaya wako.

Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Akikubali, usimwache peke yake, na usiahidi kuwaficha jambo hilo wanaoweza kumlinda. Yaliyobaki ni siri. Alichokuambia Jumanne kisigeuke mfano wa mahubiri Jumapili. Eti "sitataja jina." Kanisa la watu sitini, nani hamjui?

Nilitaka kugusa kubeti, na wachungaji wenyewe wasiolala usiku, lakini mwenyekiti amesimama mara ya pili. Haya. Yule dada mwenye sweta ya buluu karibu na mlango ni muuguzi wa afya ya akili. Kabla ya chai, kila mmoja achukue namba yake. Usimtume mke wako, mchungaji. Nenda wewe.