Shemeji Hajafika

SEFU: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Mimi ni yuleyule Mwalimu, na upande wa pili wa meza yupo Bi Rehema, ambaye leo amekuja na daftari. Mkiona Bi Rehema kaja na daftari, jueni tumekwisha.

REHEMA: Daftari lina mambo matano tu. Mambo matano ya kumsaidia mtu mzima kukaa peke yake akafurahi. Leo tunayamaliza yote, kwa hiyo usinianze.

SEFU: Mimi kimya. Ila kijana wetu wa mitambo kaninong'oneza kwamba wiki hii ulitoka.

REHEMA: Nilitoka, ndiyo. Nilikwenda kula mchana nje, peke yangu, nimevaa nikavaika, na manukato juu. Hakuna aliyekuwa na sherehe. Nilijisikia tu. Nikachagua meza ya dirishani, ya watu wawili, maana ya mtu mmoja hawajaitengeneza. Mhudumu akaja: "Mko wangapi, mama?" Nikamwambia, ndiye huyu unayemwona. Akacheka kwa adabu, akaweka menyu mbili.

SEFU: Mbili!

REHEMA: Moja mbele yangu, moja mbele ya kiti kitupu. Nikaagiza. "Tulete, au tumsubiri mwenzako?" Nikasema leteni. Baada ya muda kapita tena, kaangalia kile kiti, kaniangalia mimi, na ile sura ya kutoa pole. "Hajafika tu?" Mwalimu, nikachoka. Nikamwambia, "Yuko njiani. Foleni."

SEFU: [anacheka] Ukamzua mtu!

REHEMA: Nilimzua ili nile kwa amani. Na nikaipata, amani. Tangu hapo hakuna tena aliyenihurumia. Yule kijana akawa anakuja kunipa moyo, "Usijali mama, nafasi ya kuegesha gari ipo."

SEFU: Ngoja. Kwa hiyo shemeji ana gari?

REHEMA: Unaona sasa.

SEFU: Wasikilizaji, mmesikia wenyewe. Miaka yote tunarekodi hapa, dada yangu ananificha shemeji, tena mwenye gari. Anaitwa nani?

REHEMA: Haitwi. Hayupo.

SEFU: Hajafika. Mtu kutokuwepo na mtu kutofika ni mambo mawili tofauti.

REHEMA: Niache niseme nilichotaka kusema. Baada ya kumtuma huyo mtu kwenye foleni, nikatulia. Kulikuwa na glasi ya maji mezani. Jua linapita dirishani, linaingia kwenye maji, linatoa kiduara cha mwanga juu ya kitambaa cha meza, kidogo kama kifungo cha shati. Lori likipita barabarani, kile kiduara kinatetemeka. Likienda zake, kinatulia. Nikawa nasubiri malori! Mimi, mwanamke mzima, nasubiri lori lipite nione mwanga unacheza. Chakula kilipofika nilikuwa nimeshiba furaha.

SEFU: Na marehemu, ulimkumbuka?

REHEMA: Sana. Unajua miaka yote ya ndoa nilikula jicho langu moja likiwa kwenye sahani ya mtu mwingine: ameongezewa, hajaongezewa, huyu mdogo amemaliza? Juzi ndiyo nimeijua ladha ya chakula changu mwenyewe. Nilimkumbuka, na chakula kikanoga vilevile.

SEFU: Shemeji asisikie hayo.

REHEMA: Mwalimu.

SEFU: Sawa, sawa. Mimi nimekuja na kitu nilichosoma, na kinakuhusu. Mwaka 2014 lilitoka jarida la *Science* na utafiti wa mwanasaikolojia anaitwa Timothy Wilson, wa Chuo Kikuu cha Virginia, na wenzake. Walimweka mtu chumbani peke yake dakika 15. Hakuna simu, hakuna kitabu, wewe na mawazo yako. Ila kulikuwa na kitufe: ukikibonyeza, unapigwa shoti ya umeme. Na hawa ni watu waliokwisha kuionja ile shoti wakasema wangelipa pesa wasiirudie.

REHEMA: Na wakabonyeza.

SEFU: Wanaume 12 kati ya 18! Wanawake 6 kati ya 24. Mtu yuko radhi ajipige umeme kuliko kukaa na nafsi yake robo saa. Na kulikuwa na bwana mmoja, hata wenyewe walimweka kando kwenye hesabu zao, alijipiga mara 190.

REHEMA: Mara mia na tisini?

SEFU: Ndani ya dakika 15. Piga hesabu, hakupumzika.

REHEMA: Basi huyo ndiye shemeji yako. Ndiyo maana hafiki, bado yuko kwenye kile chumba.

SEFU: [anacheka] Umemkubali! Mmesikia, amemkubali!

REHEMA: Sijamkubali mtu. Lakini hao si walikuwa wanafunzi wa chuo? Mtoto wa miaka 20 ukimfungia chumbani lazima atafute kitufe. Mimi katika umri huo ningebonyeza mpaka umeme ukatike.

SEFU: Nilijua utasema hivyo. Walikwenda pia mitaani, bila umeme, wakachukua watu wa miaka 18 hadi 77 wakawaambia kaeni tu mfikirie. Nao hawakufurahia. Umri haukusaidia kitu.

REHEMA: Kwa sababu uliambiwa ukae *tu*! Mimi sikukaa tu. Nilikuwa na glasi, nilikuwa na malori. Hilo ndilo jambo la kwanza daftarini, na sasa unalisikiliza utake usitake. Kuna utafiti wa mwaka 2020, wa Virginia Sturm na wenzake, Chuo Kikuu cha California kule San Francisco. Walichukua wazee 52, wakawaambia watembee dakika 15 kila wiki, kwa wiki nane. Nusu wakaambiwa tembeeni basi. Nusu nyingine wakaambiwa, mkitembea tafuteni cha kushangaza: jani, wingu, ukuta, chochote. Na wote wajipige picha.

SEFU: Wazee na selfi.

REHEMA: Hapo ndipo patamu. Wale wa kushangaa, kadiri wiki zilivyokwenda, kwenye picha zao wao wenyewe wakawa wadogo. Mwanzoni uso umejaa picha nzima. Mwishoni yeye yuko pembeni, nyuma mti, anga, jengo. Na tabasamu likawa kubwa kuliko mwanzo.

SEFU: Hiyo nimeipenda. Hiyo ni kweli nimeipenda.

REHEMA: Asante.

SEFU: Shemeji yeye ndiye kafikia kilele, haonekani kabisa kwenye picha.

REHEMA: Nitaondoka, haki ya Mungu.

SEFU: Usiondoke. Endelea, la pili.

REHEMA: Kabla ya la pili nikuulize. Wewe lini mara ya mwisho ulikaa peke yako?

SEFU: Chooni.

REHEMA: Jibu vizuri.

SEFU: Ndilo jibu vizuri! Nyumba ina mke, wajukuu, mkwe, na shemeji wa kweli mwenye jina. Hata huko chooni wanagonga. "Babu, unatoka saa ngapi?" Kama nina ratiba.

REHEMA: Basi la pili linakufaa wewe zaidi. Siku moja kwa wiki, simu inazimwa. Asubuhi mpaka jioni.

SEFU: Hapo mimi sipo.

REHEMA: Nilijua.

SEFU: Hapana, sasa sitanii. Mtu wa umri wetu, anaishi peke yake, anazima simu mchana kutwa? Ukianguka bafuni je? Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na kundi linalopoteza wengi ni la wenye zaidi ya miaka 60. Na saa nyingine kinachoua si kule kuanguka. Ni kulala sakafuni masaa, hakuna anayejua: mwili unakauka, misuli inaharibika, figo zinalemewa. Hayo ulinifundisha wewe mwenyewe, nesi mzima.

REHEMA: Nilikufundisha, na nimeyafanyia kazi. Bafuni kuna chuma cha kushikilia. Vizulia vinavyoteleza nimevitoa. Taa ya usiku inawaka koridoni. Lakini hiyo simu, Mwalimu... Nina watoto watatu. Mkubwa anapiga asubuhi, wa kati mchana, mdogo usiku. "Mama umekula? Mama umemeza dawa? Mama mbona sauti iko hivyo?" Hakuna hata mmoja anayeniuliza leo nimeona nini.

SEFU: Huo ndio upendo wao.

REHEMA: Ni upendo, sikatai. Ni zamu ya wodini vilevile. Zamu hizo nilizifanya mpaka nikastaafu. Mgonjwa ukimpima kila baada ya saa, hapati nafasi ya kusahau kwamba anaumwa.

SEFU: Lakini unaye wa kukupima! Ndiyo maana unaweza kuwakimbia. Kuna mtu anatusikiliza sasa hivi, simu yake haijazimwa wiki nzima na haijalia hata mara moja. Yeye azime nini? Uingereza mwaka 2018 waliteua waziri kabisa wa kushughulikia upweke. Japani wakafanya hivyo 2021. Serikali haiteui waziri kwa jambo tamu. Hizi raha za kukaa peke yako ni za mtu ambaye akirudi nyumbani kuna anayemwuliza ulikuwa wapi.

REHEMA: Umesema nusu. Huyo ambaye simu yake hailii, nusu ya mateso yake ni kule kuikodolea macho. Akikaa akiingoja, siku nzima inakwenda kwa kitu ambacho hakikutokea.

SEFU: Na ikilia siku aliyoizima?

REHEMA: Watapiga tena.

SEFU: Wewe hujui kama watapiga tena.

[kimya]

REHEMA: Sijui. Lakini jirani yangu ana ufunguo wa nyumba.

SEFU: Anajua ni siku gani unazima?

REHEMA: Hajui. Nikimwambia atakuja kugonga.

SEFU: Si ndiyo maana yake!

REHEMA: Si ndicho ninachokikimbia!

SEFU: Mwambie basi akugongee mara moja tu, jioni.

REHEMA: Halafu mchana mzima niwe nasikiliza mlango badala ya simu. Umenisaidia nini? Na tena usidhani wazee wote wanakaa peke yao kwa kukosa watu. Laura Carstensen wa Stanford amelifuatilia hili miaka mingi: mtu akijua muda uliobaki si mrefu, anaanza kuchagua. Anawapunguza wale wa juujuu, anabaki na wachache anaowataka kweli. Kwa nje anaonekana kabaki mpweke. Mwenyewe ndiyo kwanza kapumua.

SEFU: Anawapunguza, sawa. Hakusema anazima simu.

REHEMA: Hiyo nimeongeza mimi.

SEFU: Haya, basi mimi siungi mkono.

REHEMA: Sikukuomba kura.

SEFU: Andika hapo daftarini, "Mwalimu kapinga."

REHEMA: Siandiki. Daftari ni langu.

SEFU: Kijana anatuonyesha vidole viwili. Dakika mbili.

REHEMA: Dakika mbili? Nina mambo matatu humu!

SEFU: Soma vichwa vya habari.

REHEMA: La tatu ni kitanda. La nne... hapana, hili la nne nimeliandika kurasa mbili, halisomeki mbio mbio. Liache. La tano linategemea la nne.

SEFU: Rudi kwenye kitanda.

REHEMA: Wajane wenzangu mnaonisikia, waume kwa wake, bado mnalala upande wenu? Mimi nililala upande wangu muda mrefu baada ya yeye kuondoka. Ule wa pili naunyoosha kila asubuhi na haukunjwi na mtu. Usiku mmoja nikalala mshazari, mguu huku, mkono kule, mito yote yangu. Nilicheka peke yangu gizani.

SEFU: Na shemeji akifika atalala wapi?

REHEMA: Si ana gari? Alale humo.

SEFU: [anacheka sana] Haya, haya. Wapenzi wasikilizaji, wiki ijayo tutaendelea na la nne... hatutaendelea, wiki ijayo ni kipindi cha maswali yenu, kwa hiyo tutumieni. Bi Rehema, hiyo siku yako ya kuzima simu ni ipi?

REHEMA: Sikwambii.

SEFU: Basi nitapiga kila siku.

REHEMA: Piga.

SEFU: Usipopokea nakuja mlangoni.

REHEMA: Utakuta nimetoka. Kijana, zima hiyo mitambo, huyu hamalizi.