Mwamba hauungui, lakini...

Ndugu zangu, nikikaa na watu wa migodi ya dhahabu, shaba au fedha, hakosi mmoja wa kuniambia, "Moto si tatizo letu; sisi si wa makaa ya mawe, mwamba hauungui." Sawa, hauungui. Na matairi ya loda, mashine za kuzolea mawe, je? Dizeli? Nyaya? Mbao?

Wanaonifahamu wanajua ninakoelekea: Sunshine, mgodi wa fedha, Idaho, Marekani. Tarehe 2 Mei 1972 moto ulizuka katika sehemu iliyokwisha kuchimbwa na kuachwa. Wakafa watu 91. Na wengi wao hata huo moto hawakuuona! Ukuta wa kuzibia ulipoachia, moshi uliingia njia ya hewa safi, na feni zilezile za kuwapa uhai zikawapelekea kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mwendesha winchi akafia kazini, na waliokuwa chini zaidi mgodini wakakosa wa kuwapandisha. Wawili tu ndio waliookolewa kutoka humo chini, baada ya siku 7, kwa sababu walipata mahali penye hewa safi.

Najua mtasema, vifaa vya kujiokolea, vile vichujio vya kung'ata mdomoni na kupumulia, si vilikuwepo? Vilikuwepo, ila wengi hawakufundishwa ipasavyo kuvitumia. Kichujio cha aina ile hugeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi, na kazi hiyo huzalisha joto. Sumu ikizidi, hewa unayovuta inakuchoma mdomo. Asiyeambiwa mapema anadhani kimeharibika, anakitema. Ukisikia kinachoma, ndugu yangu, ujue kinafanya kazi, king'ang'anie! Jambo hilo halisomwi kwenye bango. Mtu akivae gizani, mara kwa mara, mpaka mikono izoee.

Kinross, Afrika Kusini, mgodi wa dhahabu, Septemba 1986: cheche za kuchomelea, povu la plastiki ukutani likashika moto, wakafa watu 177. Ningependa kukaa hapo, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Haraka basi. King'ora hakimfikii mwenye dreli, kwa hiyo tieni gesi ya uvundo, yaani harufu kali ya kuonya, kwenye hewa ya mgandamizo inayoendesha dreli; pua haizibwi na kelele. Vyumba vya hifadhi, vya kujifungia humo chini moshi usiingie, viwe karibu kuliko muda wa kifaa mlichovaa, tena mpime kwa mwendo wa mtu anayepapasa ukuta gizani, msipime kwa mwendo wa meneja mwenye tochi. Mambo ya mashine za dizeli nayaruka. Haya, maswali.