Mauzo yameshuka Texas? Usizime kodi bado

Habari za nyumbani, na habari zenu mlioko huku Marekani. Leo ni zamu ya wale wanaouza vikapu, kanga, shanga au kahawa kwa wateja wa Marekani kupitia tovuti yao wenyewe. Uwe Arusha, uwe Minneapolis, ni mamoja: kodi ya mauzo ya jimbo haiulizi muuzaji analala wapi, inaangalia mzigo unapokelewa wapi. Ulivuka kiwango cha mauzo kinachokulazimu kukusanya kodi ya jimbo, ukajisajili, sasa biashara imepoa. Unaacha lini kuwatoza wateja wa jimbo lile?

Nyumbani tumezoea VAT. Tanzania tuna mamlaka mbili za mapato, TRA kwa Bara na ZRA kwa Visiwani, na hapo tu watu wanachanganyikiwa. Sasa huku serikali kuu haina kodi ya namna hiyo kabisa. Majimbo 45 pamoja na Washington, D.C. kila mmoja ana yake, na kila mmoja ana kalenda yake ya kukuachia.

Juni 21, 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair. Tangu hapo jimbo linaweza kukutaka ukusanye kodi yake hata kama huna duka wala mfanyakazi pale, mradi mauzo yamefika kiwango. South Dakota waliweka zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, au oda 200. Hizo oda 200 ndizo zilizowanasa wadogo. Kanga ya dola 25 mara 200 ni dola 5,000, tayari umo.

Majimbo mengi yameshafuta hesabu ya oda. South Dakota wenyewe Julai 1, 2023. Indiana Januari 1, 2024. North Carolina na Wyoming Julai 1, 2024. Utah Julai 1, 2025. Illinois Januari 1, 2026. Kwa hiyo kama ulijisajili kwa sababu ya oda peke yake, huenda unajaza ritani, yaani taarifa za kodi za jimbo, ambazo huna haja nazo tena. Ila kumbuka, kufutwa kwa kigezo hakufuti deni la miezi iliyotangulia.

Sasa twende kwenye kalenda, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Kushuka chini ya kiwango leo si ruhusa ya kuacha leo.

California kiwango ni dola 500,000, na wanatazama mwaka huu wa kalenda au uliopita. Tuseme 2024 uliuza kwa wateja wa California dola 520,000, na 2025 ukashuka hadi 300,000. Mwaka 2025 wote unakusanya, kwa sababu 2024 ulivuka. Unaweza kuacha Januari 1, 2026. Na katika hesabu hiyo weka pia mauzo ya bidhaa uliyofanya Amazon au Etsy, hata kama wao ndio waliolipa kodi yake. Washington, lile jimbo, wanatumia dola 100,000: ukivuka, unakusanya hadi mwaka uishe, kisha mwaka mzima unaofuata. Texas ni dola 500,000 pia, lakini hawafuati Januari hadi Desemba. Ni miezi 12 iliyopita, uhesabu mwezi wowote ule, kwa hiyo hesabu yako uifanye kila mwisho wa mwezi. Illinois, ukishaingia unabaki mwaka mmoja, ndipo unapiga hesabu upya.

New York ina kitu kizuri ambacho watu hawakisomi vizuri. Kiwango chao ni zaidi ya dola 500,000 *na* zaidi ya mauzo 100, katika robo nne zilizopita. Ni “na”, si “au”. Kimoja kikishuka, umetoka. Robo zao zinaanza Machi, Juni, Septemba na Desemba, basi usichukue ripoti ya Januari hadi Machi ukadhani ni robo.

Haya yote yanamhusu asiye na kitu ndani ya jimbo. Ukiwa na mzigo ghalani pale, au mfanyakazi, kiwango hakikulindi. Na wanaotumia maghala ya Amazon wasikilize hapa: Amazon huhamisha mizigo kutoka jimbo hadi jimbo bila kukuuliza. Pakua ripoti ya stoo, uone makatoni yako yako wapi, kabla hujaandika barua ya kufunga kibali chako cha kukusanya kodi. Usiifunge Texas huku makatoni 12 yako Dallas.

Ukishapata tarehe yako, mpangilio ni muhimu. Kosa la kwanza ni kuondoa tiki ya kodi kwenye mipangilio ya duka lako, halafu kibali cha jimbo ukakiacha wazi. Kibali kikiwa wazi, jimbo linasubiri ritani, hata ya sifuri. Texas kuchelewesha ritani ni dola 50 kila moja, hata kama hakuna kodi ya kulipa. Kosa la pili ni kinyume chake, na ni baya zaidi: umefunga kibali, lakini tovuti bado inawatoza wateja. Hiyo fedha si yako. Kila senti uliyomkata mteja kwa jina la kodi ni ya jimbo, na kukaa nayo ndiko kunakoleta kesi.

Basi tarehe ile ile unazima mtandaoni, unaweka tarehe hiyo hiyo kwenye maombi ya kufunga, na unawasilisha ritani ya mwisho. California fomu ya kufunga ni CDTFA-65. New York wanataka ritani ya mwisho ndani ya siku 20, hawasubiri tarehe yako ya kawaida. Kama ulijisajili kupitia mfumo wa pamoja wa majimbo 24 (Streamlined Sales Tax), fungia huko huko. Na Colorado, kama ulijisajili pia na mji mmoja mmoja, funga kwa kila mji peke yake.

Kuna la bidhaa kurudishwa. Mteja anarudisha kikapu wiki tatu baada ya wewe kufunga, unamrudishia bei na kodi yake, lakini kodi ulishaipeleka. Akaunti ikiwa wazi ungekata tu kwenye ritani inayofuata. Ikiwa imefungwa, ni maombi ya marejesho, fomu na kusubiri. Kwa hiyo jimbo likikuruhusu, muda wa kurudisha bidhaa upite kwanza. Akaunti ya benki nayo usiifunge hadi malipo ya mwisho yakatwe, na kumbukumbu za Texas zikae miaka minne.

Jimbo lako kama sijalitaja, liandike hapo chini pamoja na mwezi uliojisajili.