Saa Nane ya Nani? Mhadhara kuhusu kuandika mafaili ya usanidi wa wingu

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Naanza na mstari mmoja tu. Nimeuandika ubaoni kwa herufi kubwa ili hata waliokaa nyuma wauone:

schedule: "0 8 * * *"

Mstari huu ni ratiba: namba ya kwanza ni dakika, ya pili ni saa, na nyota maana yake kila siku. Ulizima mfumo wa mauzo wa kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi, saa tano asubuhi, wateja wakiwa wamepanga foleni. Aliyeuandika ni kijana makini sana. Aliambiwa seva ziwashwe upya kila siku saa nane usiku, naye akaandika nane. Sasa tazameni. Sisi tunahesabu saa za usiku tangu jua kuzama, kwa hiyo saa nane yetu ya usiku kwa kompyuta ni 2. Halafu zile mashine zilikuwa zikifuata saa za UTC, yaani saa za kimataifa, nasi wa Afrika Mashariki tumeitangulia UTC kwa saa 3. Basi nane yake ikaangukia saa tano asubuhi ya Dar es Salaam. Alitakiwa aandike 23. Na kama kazi ingekuwa ya kila Jumatatu saa nane usiku, kwenye faili ingebidi iandikwe Jumapili, maana kwa UTC Jumatatu inakuwa bado haijaingia.

Faili lile tulilipitia watu wawili kabla halijatumika, na mimi nilikuwa mmojawapo. Tuliona nane, tukaisoma saa nane, tukalipitisha. Ndiyo maana leo sitawafundisha amri nyingi. Nataka tujifunze kusoma kilichoandikwa, kwa sababu mashine haisomi nia ya mtu.

Dawa ya hili ipo. Kubernetes, programu inayoendesha mifumo kwenye mashine nyingi kwa pamoja, tangu toleo la 1.27 la mwaka 2023 ina kipengele kilichokomaa cha kutaja majira ya mahali. Unaandika timeZone: "Africa/Dar_es_Salaam", kisha ile 23 unairudisha kuwa 2. Juu ya mstari weka alama ya reli na maneno ya kawaida kabisa: # saa nane usiku, Dar. Kompyuta itayaruka maneno hayo. Mwenzako atakayelifungua faili hilo mwakani hatayaruka.

Kwa wageni wa mambo haya: zamani ukitaka seva ya wingu, yaani kompyuta ya kukodi kupitia mtandao, uliingia kwenye tovuti ya mtoa huduma ukabofya, ukabofya tena, na kesho hukumbuki ulibofya nini. Siku hizi tunaandika faili: mashine ngapi, mtandao upi, nani aruhusiwe kuingia. Kati ya programu zinazosoma mafaili hayo, CloudFormation ya Amazon ilianza mwaka 2011, Terraform ikafuata 2014. Huelezi hatua, unaeleza hali unayoitaka, nayo programu inalinganisha na kilichopo, kisha inafanya ile tofauti. Nitarudi kwenye neno hilo, tofauti.

Mafaili mengi ya aina hii huandikwa kwa YAML, yaani mtindo wa kuandika data kwa maneno ya kawaida, na humo kuna mitego. Vyombo vingi bado vinafuata kanuni za zamani za YAML 1.1. Orodhesha nchi kwa vifupisho, uweke NO kwa ajili ya Norwei, na chombo kitaelewa "hapana". Andika 0754 bila alama za kunukuu, kitaihesabu kwa msingi wa nane na kukupa 492. Toleo 1.10 linageuka 1.1. Hata 22:30 inaweza kusomwa kama dakika 1350! Toleo la YAML la mwaka 2009 lilirekebisha mengi ya haya, lakini usitegemee kwamba chombo chako kimelifuata. Thamani yoyote ambayo si namba ya kuhesabia wala "ndiyo" au "hapana" ya kweli, ifunge ndani ya alama za kunukuu. Na kitufe cha Tab usikiguse. Mwanzo wa mstari ni nafasi tu.

Sasa ile tofauti. Chukua Terraform. Hifadhidata yako ndani ya faili umeiita "hifadhi", leo unaona "mauzo" ni jina zuri zaidi, unalibadilisha. Neno moja tu. Endesha terraform plan, usome mstari wa mwisho: moja kuongezwa, moja kuangamizwa. Kwa programu, "hifadhi" imefutwa na "mauzo" ni kitu kipya kisichokuwepo. Ukiendesha terraform apply, ambayo ndiyo inayotekeleza mpango, ukajibu "yes" bila kusoma, data ya wateja iko hatarini. Tangu toleo la 1.1 kuna kipande kiitwacho moved, unakitumia kusema hiki ni kile kile, kimehama jina. Na kwa hifadhidata weka prevent_destroy, ili programu ikatae kuifuta maadamu kipande chake kimo kwenye faili. Mimi huusoma mpango kwa sauti. Nawasihi nanyi mfanye hivyo.

Dada wa mstari wa tatu ameuliza: nywila ziandikwe wapi? Dada yangu, zisiandikwe humu. Ziwekwe kwenye huduma ya kutunzia siri, faili litaje jina la siri tu. Ameongeza kwamba yake imeshaingia kwenye Git na ameufuta mstari. Git inatunza historia ya kila badiliko la faili, kwa hiyo nywila bado imo. Badilisha nywila yenyewe kwanza, leo hii kabla hujalala, kisha kesho tusafishe faili pamoja.