Chupa ya Maji ya Msimbazi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo?

Hii chupa nilichota juzi chini ya daraja, Kigogo. Imetulia siku mbili, mnaona maji yalivyotakata. Sasa naitikisa. Haya, mzee wa mbele, utakunywa?

Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, hadi baharini pale Daraja la Selander. Njiani umemezeshwa damu ya machinjio, majitaka ya majumbani na rangi za viwanda vya nguo. Tunaviita vyote uchafu, lakini haviponi kwa namna moja.

Damu na kinyesi huliwa na bakteria. Wakila, wanamaliza oksijeni, samaki wanakosa pumzi. Hapo dawa ni kuziba bomba, mto utapumua wenyewe. Mto Thames wa London mwaka 1957 ulitangazwa kuwa umekufa. Wakaboresha mitambo ya majitaka, na 1974 samaki aina ya samoni akaonekana tena. Miaka 17 tu!

Madini ya risasi na kromiamu yanayotoka viwandani ni habari nyingine. Hayaozi. Yanang'ang'ania chembe za udongo wa mfinyanzi, yanalala chini. Kiwanda kinaweza kufungwa leo, maji yakatakata, tope likabaki vilevile. Ikija masika, mto unaligeuza na kulimwaga kwenye matuta ya mchicha.

Kwa hiyo mtu akikwambia mto umepona, mwombe mgeuze jiwe moja la mtoni. Mkikuta mabuu mekundu matupu, bado. Wale wana hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kama sisi, ndiyo wekundu wao, wanaishi hata pasipo na hewa ya kutosha. Tafuteni vidudu vyenye mikia mitatu myembamba, wengi wao hawavumilii maji mabovu. Kipimo cha namna hii tunacho hapa nchini, kinaitwa TARISS, na hakihitaji mashine ya mamilioni. Wavu, beseni na macho.

Siku ile ya kuchota, mama mmoja anayelima bondeni aliniuliza: "Mwanangu, nikiuosha mchicha maji matatu?" Nikamwambia, mama, tope la kwenye jani litatoka. Risasi iliyopanda kwa mzizi haitoki, hata ukichemsha. Akanitazama, akaendelea kufunga mafungu yake. Nilinunua mawili. Nilipofika nyumbani sikujua niyafanyeje.